Kadi ya Mkopo Yenye Kikomo Kidogo: Ibaki au Irudishwe?

Leo tuna jambo ambalo kwa Singida yetu linaonekana la watu wachache, lakini ukilifungua vizuri linatugusa karibu wote. Mtu amepewa na benki kadi ya mkopo. Kikomo chake ni kidogo, tuseme shilingi laki tatu. Kila akiitumia dukani anaandikiwa pointi, na pointi zikifika idadi fulani anapata punguzo au fedha kidogo inarudi kwenye akaunti yake. Mwaka ukigeuka benki inakata ada ya kuwa nayo. Sasa anajiuliza: kadi ya laki tatu ni ya nini? Aendelee nayo kwa ajili ya hizo pointi, aombe aongezewe kikomo, au airudishe benki waachane salama?

Wapo watakaosema hilo ni swali la Dar es Salaam. Wana hoja. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wazima 100, wanaotumia benki ni 22 tu, wakati wanaotumia huduma za fedha kwa simu ni 72. Na hata hao 22, kadi iliyomo kwenye pochi zao, iwe TemboCard ya CRDB au kadi ya NMB, kwa wengi ni ya kutolea fedha zao wenyewe. Haikopeshi. Ukiwa huna kitu kwenye akaunti, mashine inakurudishia kadi yako na karatasi. Kadi ya mkopo ni kitu kingine: unanunua kwa fedha ya benki, benki inakusubiri mpaka tarehe ya ankara, ukilipa yote kwa wakati hudaiwi riba, ukilipa nusu riba inaanza kutembea. Hiyo kweli ni ya wachache. Lakini ina ndugu yake ambaye yuko mkononi mwa mama ntilie wa stendi na kijana wa bodaboda: Songesha ya M-Pesa, inayokumalizia muamala pale salio lisipotosha, na Mshiko Fasta ya NMB, na nyingine za aina hiyo. Zote zina kikomo kidogo, zote zina ada, na zote zimezungukwa na vivutio: pointi, bando la bure, ujumbe wa pongezi kwamba wewe ni mteja bora. Kwa hiyo nitakapomjibu mwenye kadi, nawajibu na wenye simu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Watu wengi huisifu kadi ya namna hii kwa zawadi zake na kuilaumu kwa udogo wa kikomo chake. Mimi naona ni kinyume. Kikomo kidogo ndiyo sifa yake, zawadi ndiyo sehemu ya kutiliwa shaka. Na kinachoamua kama ibaki au irudishwe si hata kimoja kati ya hivyo viwili. Ni tarehe ambazo fedha huingia mkononi mwako.

Tuanze na zawadi, kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Chukua ile kadi ya laki tatu, na tuseme inarudisha shilingi moja katika kila shilingi mia unayotumia, kiwango ambacho katika nchi zilizozoea kadi hizi ni cha kawaida. Ukiitumia mpaka mwisho kila mwezi na kulipa yote kila mwezi, bila kukosa hata mara moja, utarudishiwa shilingi elfu tatu kwa mwezi, elfu thelathini na sita kwa mwaka. Hapo ndipo dari lilipo. Huwezi kupata zaidi, maana kikomo hakikuruhusu. Sasa ondoa ada ya mwaka. Halafu weka mwezi mmoja tu ambao mshahara ulichelewa, au ulipata msiba, ukabaki na deni la laki tatu, na riba tuiweke asilimia tatu kwa mwezi. Hiyo ni elfu tisa, imemeza zawadi ya miezi mitatu. Na hesabu hii imekupendelea, kwa sababu imedhani kwamba unapata mahali pa kuitumia kadi kila siku. Nenda soko la vitunguu la Misuna, au dukani kwa muuza mbolea pale Kiomboi, uulize wanapokea nini. Watakwambia fedha taslimu, au Lipa Namba. Mashine ya kupitishia kadi utaikuta hotelini, kwenye baadhi ya vituo vya mafuta, na katika maduka machache makubwa. Mtu anayeishi Mkalama au Itigi akitaka kukusanya pointi italazimu abadilishe mahali anaponunua, na pengine anachonunua, ili kadi ifurahi. Hapo zawadi inakuwa imeanza kumwongoza mtu badala ya mtu kuiongoza zawadi.

Na nani anailipa? Benki haikati faida yake ikakupa. Kila kadi inapopita kwenye mashine, mwenye duka hukatwa asilimia fulani, na sehemu ya makato hayo hurudi kwenye benki iliyotoa kadi. Zawadi inatoka humo. Mwenye duka naye si mjinga, anajua atakatwa, kwa hiyo gharama hiyo ameshaiweka kwenye bei ya sukari na sabuni, bei ambayo anailipa kila anayeingia dukani, mwenye kadi na asiye na kadi. Wachumi wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani waliifanyia hesabu hali hii mwaka 2010. Wakakuta kwamba kwa wastani familia inayolipa kwa fedha taslimu inapoteza dola 149 kwa mwaka kuwanufaisha wanaotumia kadi, na familia inayotumia kadi inapokea dola 1,133. Kwa kuwa wenye kadi nzuri ndio wenye kipato kikubwa, ni fedha inayopanda kutoka chini kwenda juu. Umoja wa Ulaya ulipoliona hilo uliweka mwaka 2015 ukomo wa makato yanayokwenda kwa benki ya mwenye kadi: asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida na 0.3 kwa kadi za mkopo. Sisi hapa tunalijua jambo hili kwa jina la nyumbani. Muuzaji anapokwambia utume fedha "na ya kutolea," anakataa waziwazi kubeba makato, anakurudishia wewe. Si ustaarabu mzuri sana, lakini angalau kila mtu anaona nani analipa nini.

Kuna aina moja ya zawadi ambayo nitaitetea, na inafaa kuwekwa pembeni ya hizi pointi ili tofauti ionekane. Mwaka 2014 Tigo Pesa, ambayo siku hizi inaitwa Mixx by Yas, ilianza kuwagawia wateja faida iliyotokana na fedha zao zilizokuwa zimehifadhiwa benki. Mgawo wa kwanza ulikuwa takriban shilingi bilioni 14 kwa watumiaji wapatao milioni 3.5. Ukigawanya unapata kama elfu nne kwa mtu mmoja. Haikumtajirisha yeyote. Lakini angalia ilikwenda kwa nani: ilikwenda kwa aliyebakiza salio, na aliyebakiza zaidi alipata zaidi. Pointi za kadi ya mkopo zinakwenda kwa aliyetumia. Na ile huduma ya kumaliziwa muamala inamjia mtu ambaye salio lake limefika sifuri. Simu ni moja, lakini gawio linamvuta mtu aweke na pointi zinamvuta atoe. Mtu akiniuliza afuate lipi, sitahitaji muda mrefu kufikiri.

Sasa tuje kwenye kikomo. Malalamiko ninayoyasikia ni kwamba laki tatu haifanyi kitu: hainunui friji, hailipi ada ya chuo, haifikishi mgonjwa Muhimbili na kumtibu akapona. Ni kweli. Lakini fikiri upande wa pili. Kikomo cha laki tatu maana yake ni kwamba siku mambo yakiharibika kabisa, umechanganyikiwa, umefukuzwa kazi, umelewa au umependa, deni kubwa kuliko yote unaloweza kulifanya kwa kadi hiyo ni laki tatu na riba yake. Mtu mwenye kipato cha wastani anaweza kulipa laki tatu ndani ya miezi mitatu minne akijibana. Milioni tatu hawezi. Benki iliyokupa kikomo kidogo pengine ilifanya hivyo kwa kutokukuamini, na kwa kutokukuamini ikakujengea ua. Sioni sababu ya kwenda kuomba ua ubomolewe, hasa kama sababu yenyewe ni kwamba ukiwa na kikomo kikubwa utakusanya pointi nyingi.

Hata hivyo lazima niseme mahali ambapo udogo unaumiza, maana hapa kadi na simu zinaachana njia. Kadi ya mkopo hutoza kwa asilimia: anayedaiwa kidogo hutozwa kidogo. Huduma nyingi za simu hutoza ada ya siku kwa mafungu, na hapo mnyonge ndiye anayekamuliwa. Tazama Kenya, ambako huduma ya Fuliza, ndugu wa Songesha, ilianza Januari 2019. Kwa ada zilizokuwepo mwanzo, aliyekopa shilingi 200 za Kenya alitozwa shilingi 5 kila siku, na aliyekopa shilingi 20,000 alitozwa 30 kila siku. Weka kwenye asilimia: wa kwanza analipa asilimia mbili na nusu kwa siku, wa pili asilimia 0.15. Mwenye mkopo mdogo analipa zaidi ya mara kumi na sita ya mwenzake kwa kila shilingi. Akikaa na zile mia mbili siku kumi anadaiwa hamsini za ada, robo ya alichokopa, bado hatujahesabu asilimia moja ya kuingilia. Mwaka 2022 ada hizo zilipunguzwa, na mikopo isiyozidi shilingi elfu moja ikapewa siku tatu za mwanzo bila ada ya siku, na kupunguzwa kwenyewe ni ushahidi kwamba kilio kilikuwa na msingi. Kwa hiyo ninaposema kikomo kidogo ni sifa, nasema kinakulinda dhidi ya ukubwa wa deni. Dhidi ya bei ya deni hakikulindi hata kidogo. Anayetumia huduma ya simu aangalie ada ya siku kwanza, aigawanye kwa kiasi anachokopa, ndipo aseme ni nafuu au si nafuu.

Nimesema kinachoamua ni tarehe, na hapa naomba nikae kidogo. Mkopo wa kadi una mwezi. Mkopo wa simu una siku, wiki, au mwezi. Swali la kumuuliza kila mtu ni: je, na kipato chako kina mwezi? Mwalimu wa Ikungi anao. Muuguzi wa Manyoni anao. Mei Mosi ya mwaka 2025 iliadhimishwa kitaifa hapa hapa Singida, na hapa ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza nyongeza ya asilimia 35.1, kima cha chini cha mshahara wa serikali kikapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Mtumishi wa namna hiyo anajua tarehe. Akinunua mahitaji ya nyumbani kwa kadi tarehe 10, mshahara ukiingia akalipa yote, hajalipa riba hata senti, na kama kuna pointi amezipata bure. Kwake kadi ya laki tatu inaweza kubaki, kwa sharti moja gumu: mwezi wa kwanza atakaoshindwa kulipa yote, aiweke kabatini mpaka deni liishe. Kulipa kile kiwango cha chini ambacho ankara inakuonyesha kwa herufi nene hakuna msaada. Kiwango hicho kimepangwa ili uendelee kudaiwa.

Lakini hata kwa mtumishi kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Sheria inataka mtumishi, baada ya makato ya mikopo, abaki na si chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Utaratibu huu umewaokoa wengi, kwa sababu afisa utumishi akikuta theluthi imeguswa mkopo haupiti. Sasa makato ya Songesha na ndugu zake hayapiti kwa afisa utumishi. Yanaisubiri fedha ikishaingia kwenye simu, yanaikata humo humo. Yaani ile theluthi ambayo sheria iliikusudia iwe ya unga, nauli na daftari za watoto ndiyo inayokatwa. Mtu anaweza kuwa ndani ya sheria kwa karatasi zote za mwajiri na bado tarehe 28 akawa anakopa kumalizia mwezi, tarehe 30 mshahara ukaingia ukakatwa, tarehe 20 inayofuata akaanza tena, mapema kidogo kuliko mara iliyopita. Akijiona anaanza mapema kila mwezi, hiyo huduma haimsaidii tena, imekuwa sehemu ya mshahara wake inayokwenda kwa mwingine.

Mkulima ni habari nyingine kabisa. Mkoa wetu una mvua ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa mwaka na kukoma Aprili. Alizeti inapandwa kuelekea Januari, inavunwa kuanzia Mei na Juni, na fedha yake inaonekana baada ya hapo. Miezi ambayo mkulima wa Iramba anahitaji sana fedha, ya palizi, ya mbegu, ya chakula kabla mahindi hayajakomaa, ndiyo miezi ambayo hana kitu cha kuuza. Akichukua mkopo wa siku thelathini mwezi wa Februari, utaiva mwezi wa Machi, na Machi alizeti bado ina maua. Atalipa kwa nini? Atauza kuku, atauza mbuzi, au atakopa kwingine alipe hapa. Na hata Juni ikifika hana uhakika wa kiasi. Wakulima wetu hawajasahau msimu wa 2023, bei ya alizeti ilivyoporomoka baada ya mafuta ya kula ya kutoka nje kuingia kwa ushuru uliopunguzwa. Mtu ambaye hajui lini atalipwa wala atalipwa shilingi ngapi, chombo cha kulipa kila mwezi hakikutengenezwa kwa ajili yake, kiwe na zawadi au kisiwe nazo. Ushauri wangu kwa mkulima wa msimu ni kujiondoa kwenye huduma ya kumaliziwa muamala, si kuiacha tu bila kuitumia. Kuiacha haitoshi, kwa sababu hujitokeza yenyewe pale salio linapopungua, na jioni mtoto akiwa na homa hakuna anayesoma masharti. Fedha ya mkulima iko kwenye kikundi, kwenye VICOBA au SACCOS ambayo inakubali kupanga marejesho baada ya mavuno, na kwenye ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ina usumbufu, ina foleni, ina mikutano isiyoisha. Lakini marejesho yake yanaweza kupangwa na watu wanaojua alizeti ni nini.

Katikati yupo mchuuzi. Anayenunua vitunguu magunia mawili Misuna asubuhi na kuyamaliza kesho yake jioni fedha yake inazunguka kwa siku, na mkopo wa siku mbili unaweza kumlipa, mradi faida ya hayo magunia inazidi ada ya siku hizo mbili. Ana hesabu kichwani kuliko wengi wetu. Simfundishi.

Nisikilize sasa mapingamizi, kwa maana yapo ya maana. La kwanza: ukiirudisha kadi unajiharibia historia ya mikopo. Wenzetu wa Marekani wanalipa jambo hili uzito mkubwa, alama zao za mikopo huangalia mtu ametumia sehemu gani ya kikomo chake, na ndiyo maana huko kadi huachwa wazi hata bila kutumika. Kwetu kampuni za kutunza taarifa za mikopo zipo chini ya leseni ya Benki Kuu, Creditinfo na Dun & Bradstreet, na mabenki huziangalia kabla ya kukopesha. Basi historia ni kitu cha kweli. Ila historia ina pande mbili, na mkopo mdogo unaacha doa sawasawa na mkubwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 Kenya ililazimika kuweka mpango maalumu wa kuwasafisha wakopaji wa mikopo midogo ya simu, watu wapatao milioni 4.2, madeni yao kwa jumla shilingi bilioni 30 za Kenya. Gawanya tena: ni wastani wa shilingi elfu saba za Kenya kwa mtu. Kwa kiasi hicho mtu alikuwa ameandikwa kwamba hakopesheki. Kwa hiyo anayebaki na kadi ili ajenge jina, ajenge kwa kulipa. Kadi peke yake haijengi chochote.

La pili ni zito zaidi. Wanasema: ukimnyima mtu Songesha utamsukuma kwa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali. Ni hoja inayostahili heshima, kwa sababu kausha damu si hadithi, na kina mama wa mikoa mingi wameuza vyombo vya ndani kulipa marejesho ya wiki. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, chini ya sheria ya mwaka 2018, na Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kati ya hizo na huduma ya benki iliyo kwenye simu, ya benki ni bora mara nyingi. Nakubali. Lakini kuwa bora kuliko kausha damu ni kipimo cha chini mno. Tena, ukiangalia mwendo wa wanaoishia huko, wengi hawakwenda kwa kausha damu kwa kukosa mkopo mdogo. Walikwenda kulipa mkopo mdogo ulioiva kabla ya kipato. Mkopo wa kwanza ulikuwa halali na nafuu, tarehe yake ndiyo iliyokuwa na kasoro.

La tatu: si ni dharura tu, kwa nini nisibaki nayo kwa ajili ya dharura? Mwenye mshahara abaki nayo. Laki tatu usiku wa manane, kwa gari la kumfikisha mjamzito hospitali ya mkoa, ni kitu kikubwa kuliko pointi zote za mwaka, na hapo ada ya mwaka inaanza kuwa na maana, kama bima ndogo. Ila ajue kwamba kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye mashine kuna ada yake, na kwa kawaida riba huanza siku hiyo hiyo bila kusubiri ankara. Kama dharura zake nyingi zinalipwa kwa fedha taslimu, na kwetu ndivyo zilivyo, basi kiasi hicho hicho kwenye akaunti ya akiba kinamfaa zaidi, hata kikichukua mwaka mzima kukikusanya.

Imebaki namna ya kuachana na kadi, na hapa nina neno kwa wakubwa. Mwaka 1958, benki moja ya Marekani ilipoanzisha kadi iliyokuja kuitwa Visa, iliwatumia wakazi wapatao 60,000 wa mji wa Fresno kadi ambazo hawakuziomba, zikiwa na kikomo kidogo cha dola 300 hadi 500. Ilitarajia asilimia nne wasilipe kwa wakati. Mpango ulipoenea California nzima, hawakulipa asilimia 22. Ua mdogo haukusaidia kwa sababu watu waliwekwa ndani yake bila kuulizwa. Mwaka 1970 Marekani ikapiga marufuku kutuma kadi isiyoombwa. Australia ikaenda mbali: tangu Julai 2018 benki hairuhusiwi kumwandikia mteja kumshawishi aongeze kikomo cha kadi, na tangu 2019 lazima mteja aweze kufunga kadi yake mtandaoni. Kwetu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aeleze gharama kabla ya mkataba, na mteja asiyeridhika na benki yake anaweza kupeleka lalamiko Benki Kuu. Ni msingi mzuri. Juu yake ingeongezwa kanuni fupi: kikomo kisipandishwe ila mteja ameomba mwenyewe, na huduma iliyofunguliwa kwa kubonyeza namba tatu kwenye simu ifungwe kwa kubonyeza namba tatu, bila kupanda basi kutoka Itigi kuja kupanga foleni mjini. Mpaka hapo itakapokuwa hivyo, anayerudisha kadi yake alipe deni lote kwanza, aombe barua ya kufungwa kwa akaunti yenye muhuri, na aitunze pamoja na hati ya kiwanja.